Jibu: Mbegu za kaliandra kutoota

Pole dada, wiki tatu bila mche hata mmoja wa kaliandra, mti mdogo wa malisho ya ng'ombe, inakatisha tamaa. Umesema ulizifukia kavu kama zilivyotoka kwenye pakiti. Tatizo liko hapo. Ganda la kaliandra ni gumu. Ziloweke kwenye maji baridi kwa saa 48, zinazoelea zitupe, kisha panda kwenye viriba, kina cha sentimita moja tu. Mimi huzibonyeza kwa ukucha kabla ya kupanda: iliyonyonya maji imevimba na ganda limelainika.

Miche ikifika goti, ihamishie shambani mvua zikianza, kwenye kingo za matuta. Usiipeleke panapotuama maji, itakufa.

Uliuliza pia lini utaanza kumkatia ng'ombe. Usiwe na haraka! Subiri karibu mwaka, kisha kata ukibakiza shina la mita moja. Na tafadhali mpe majani mabichi siku hiyohiyo, maana yakinyauka hayameng'enywi vizuri. Kilo 3 za majani mabichi zinakaribia kilo 1 ya chakula cha dukani.

Michache iache ichanue. Vile vishungi vyekundu hufunguka jioni, na asubuhi utakuta nyuki wamejaa.