Memori kadi ya GB 512, kaseti za marehemu baba na chaja isiyochaji

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Shemeji yangu kaniletea kutoka Maskati pleya ya muziki, ile ndogo yenye kioo, imeandikwa Hi-Res, biti 24, kHz 192. Nimeitilia memori kadi ya GB 512 niliyoipata dukani kwa bei ya kutupa, nikajaza nyimbo. Za mwanzo zinapiga vizuri, za nyuma zinaruka au hazipigi kabisa. Halafu albamu moja ya taarab inajigawa vipande vipande, kila mwimbaji na chake. Chaja mpya ya simu haiichaji. Na nikisema kweli, tofauti yake na simu siisikii. Nina kaseti za marehemu baba za miaka ya themanini, nataka kuziingiza humo kwa hiyo biti 24. Nifanyeje? (Msomaji, Wete)

JIBU: Waaleikum salaam. La haraka ni kadi. Usikopi kitu chengine chochote humo mpaka uipime, na usifute nyimbo kwenye kompyuta kwa kudhani zimeshahamia.

Za mwanzo kupiga na za nyuma kufa ndiyo dalili kubwa ya kadi ya bandia. Ndani mna chipu ya GB 32 au 64, na kidhibiti chake kimechezewa ili kiiambie kompyuta kwamba kuna 512. Unakopi, kompyuta inakwambia tayari, majina yote yanaonekana, hata ukubwa wa faili uko sawa. Lakini kilichovuka ukubwa wa kweli ama kimetupwa ama kimeandikwa juu ya kilichotangulia. Pleya inaona jina, ikienda kuufuata wimbo haukuti.

Okoa kwanza nyimbo ambazo huna nakala yake pengine, kisha fomati kadi iwe tupu. Itie kwenye kisoma kadi cha USB. Usipimie ndani ya pleya, nyingi ni nzito kwa kazi hiyo. Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Mac au Linux tumia F3. Zote ni za bure. Programu inaijaza kadi faili za majaribio, halafu inazisoma moja moja kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachosomeka. Kazi hii haitaki haraka: kwa kasi ya MB 20 kwa sekunde, kuandika GB 512 peke yake ni saa saba na ushei. Iache usiku kwenye laptopu yenye betri nzima, kwa sababu umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani utaanza upya. Ikitoa makosa, nakili ni GB ngapi zilizosomeka salama. Hicho ndicho kimo halisi cha kadi yako, na karatasi hiyo ndiyo ya kwenda nayo dukani. Kadi ya kweli ya 512 kwenye Windows inaonekana kama 476. Hapo hukuibiwa, mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows kwa 1,024.

Ikifaulu, basi kosa liko kwenye fomati au ukopiaji. Fomati ni namna kadi inavyopanga faili zake. Kadi zinazozidi GB 32 kwa kawaida huja na fomati ya exFAT, na baadhi ya pleya nyepesi zinaelewa ile ya FAT32 tu. Njia salama ni kuifomati kwa menyu ya pleya yenyewe, kisha kukopi kwa kompyuta na kuitoa kwa utaratibu, si kuichomoa. Aliyekukopia kama anatumia Mac, utakuta pia vifaili vinavyoanza na nukta na mstari wa chini, vina jina la wimbo lakini havipigi. Hivyo ni takataka, vifute.

Na kabla ya kununua kadi nyengine, jiulize kama GB 512 unazihitaji. FLAC (faili ya muziki iliyobanwa bila kupoteza ubora) ya kiwango cha CD inakula kiasi cha MB 350 kwa saa, kwa hiyo hata kadi ya GB 128 inabeba zaidi ya saa 300. FLAC ya kHz 192 ndiyo mlafi, GB mbili na zaidi kwa saa moja. Bora GB 128 ya kweli kuliko 512 ya maneno.

Albamu kujigawa ni kosa la tagi, yaani maelezo yaliyoandikwa ndani ya faili, na taarab inaumia kuliko muziki mwengine wowote kwa hili. Kikundi ni kimoja, lakini kila wimbo una mwimbaji wake, na pleya nyingi zinapanga albamu kwa jina la msanii. Fungua folda kwa programu ya Mp3tag, chagua nyimbo zote za albamu, na kwenye sehemu ya Album Artist andika jina moja la kikundi. Jina la mwimbaji liache kwenye Artist. Tahajia nayo iangalie: Ikhwani Safaa, Akhwan Safaa na Malindi kwa sikio la Mzanzibari ni klabu moja, kwa pleya ni watu watatu. Picha ya jalada ipunguze iwe JPEG ya pikseli 600 kwa 600. Picha ya pikseli elfu tatu inaifanya pleya isuesue kila unapobadilisha wimbo. Ukimaliza, ingia kwenye pleya uamuru isome kadi upya, vyenginevyo itaendelea kuonesha orodha ya zamani.

Chaja haina ubaya wala pleya si mbovu. Bila shaka chaja yako mpya ina tundu dogo la USB-C, na waya ni C pande zote mbili. Chaja ya namna hiyo haitoi umeme mpaka ihisi rizista za kilo-om 5.1 ndani ya kifaa, na watengenezaji wengine wa pleya wanaziacha ili kubana gharama. Tumia waya wenye USB ya bapa ya zamani upande mmoja na C upande wa pili, na chaja ya volti 5, ampea 1 au 2. Itachaji. Ukiona umeme umekatika, chomoa: hatari iko pale unaporudi kwa kishindo. Usiichaji juani wala ikiwa bado ya moto kutoka kwenye dashibodi ya gari, betri ya lithiamu haitaki kuchajiwa ikivuka nyuzi 45. Ukiiweka kabatini kwa miezi, iache na chaji nusu. Ukiiacha imekwisha kabisa huenda isiamke tena.

Sasa hilo la kutosikia tofauti. Sikio lako halina kasoro. Maandishi ya biti 24 na kHz 192 yanaeleza chombo kinaweza kubeba nini, hayaelezi umekitia nini. Sampuli 44,100 kwa sekunde, kiwango cha CD, zinatosha kubeba masafa, yaani sauti kutoka nzito mpaka nyembamba, hadi kHz 22, na sikio la binadamu kijana linaishia kama 20. Biti 16 zinatoa nafasi ya desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Mengi yanayouzwa juu ya hapo ni tarakimu. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa ajili ya sahani za santuri. Anayekuuzia nyimbo zile kwa kHz 192 anakuuzia mikwaruzo ya sahani kwa undani zaidi.

Zipime faili zako kwa programu ya Spek. Buruta wimbo ndani yake, utaona picha ya masafa yake. Wimbo wa CD halisi unapanda mpaka karibu na kHz 22. Ukiona rangi imekatwa bapa kwenye kHz 16, huo ulikuwa MP3 ya kbps 128 au umetolewa YouTube, kisha mtu akaugeuza FLAC. Faili imenenepa, sauti haikurudi. Nyimbo zinazozunguka mitaani kwetu nyingi ni za namna hii, na kwa hizo simu na pleya lazima zitoe sauti moja. Angalizo: kanda za zamani hazina kHz 20 hata zikihamishwa vizuri, ila masafa yake hufifia polepole juu, kinachomfichua mtu ni ule ukataji wa rula.

Kama faili ni nzima, tazama hedifoni. Ukitumia za Bluetooth, chipu ya sauti ya pleya haifanyi kazi yoyote, kwa sababu hedifoni zina chipu yake wenyewe, na wimbo unabanwa kabla ya kurushwa. Hata LDAC, njia ya kubana sauti ya Bluetooth ambayo ni miongoni mwa zinazobeba zaidi, inaishia kbps 990, wakati CD ni 1,411. Tia za waya. Weka geini (nguvu ya amplifaya) chini kwa hedifoni ndogo za masikioni, juu kwa zile kubwa za om 150 kwenda mbele. Zima vikorombwezo vyote vya kuongeza besi, kisha linganisha simu na pleya kwa sauti ya kiwango kimoja, maana inayopiga juu kidogo daima itaonekana nzuri zaidi. Ukiwa na pesa ya kubadilisha kitu kimoja, badilisha hedifoni.

Faida ya pleya ipo, lakini si ile iliyoandikwa kwenye boksi. Ina nguvu ya kusukuma hedifoni nzito, haina simu ya kuingia katikati ya wimbo wa robo saa, na haimalizi betri unayoihitaji kwa mambo mengine. Kama yako ina matundu mawili, la mm 3.5 na la mm 4.4, usitie adapta ya kuunganisha hedifoni za 3.5 kwenye lile la 4.4. Tundu lile lina waya hasi mbili zilizotengana, kila sikio na wake. Adapta inaziunganisha na amplifaya inaweza kuungua.

Hewa ya bahari nayo ina sehemu yake. Sikio moja likianza kukatika, zungusha plagi taratibu ndani ya tundu lake: sauti ikija na kwenda, ni kutu ya chumvi. Zima pleya, lowesha kijiti chembamba cha pamba kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, isidondoke, futa plagi na mdomo wa tundu, ngoja ikauke. Sauti ikikatika unapokunja waya, mbovu ni waya. Pleya ilale kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana pamoja na pakiti za silika. Mchele hausaidii, unatia vumbi tu.

Kaseti ndizo zenye thamani kuliko vyote ulivyovitaja, kwa hiyo nenda nazo pole. Kwanza kabisa vunja vile vimeno viwili vya mgongoni, ili mkono ukiteleza kwenye REC usifute. Chungulia ukanda kwa mwanga: unga mweupe kwenye kingo ni ukungu, kaseti hiyo usiipige, itachafua hedi (kichwa kinachosoma ukanda) na kuambukiza nyengine. Angalia kale kasponji kadogo ka katikati kanakoukandamiza ukanda kwenye hedi. Gundi yake hukauka kakadondoka, na bila hako sauti inakuja ya ndani ya mtungi. Kahamishe kutoka kaseti mbovu. Ikiwa ukanda umekaa miaka bila kupigwa, upeleke mpaka mwisho na kuurudisha mara moja kabla ya kurekodi.

Hedi isafishe kwa spiriti ile ile. Kisha inakuja kazi ambayo wengi wanairuka: mlalo wa hedi. Kando ya hedi kuna skrubu mbili. Moja imekaza, nyengine ina springi chini yake na mara nyingi tone la rangi juu. Hiyo ya springi ndiyo inayoelekeza hedi. Kaseti iliyorekodiwa kwa mashine nyengine, ukiipiga kwa hedi iliyopinda hata kidogo, inapoteza masafa ya juu. Tia alama ya kalamu mahali skrubu ilipo, unganisha chaneli mbili ziwe mono, piga sehemu yenye ala ya kanuni peke yake, na zungusha kidogo kidogo, isizidi robo mzunguko. Ghafla utasikia nyuzi za kanuni zinameta. Hapo ndipo. Kaseti nyengine huenda ikataka pengine.

Toa sauti kwenye tundu la LINE OUT la deki, si la hedifoni, uipeleke kwenye kifaa cha USB cha kurekodia. Tundu la maikrofoni la laptopu mara nyingi ni la mono, na linachafua. Kwenye Audacity, programu ya kurekodia, chagua biti 24, kHz 48. Biti 24 hapa zina maana, si kwa sababu kaseti inazo (kaseti ya kawaida ina desibeli 50 hadi 60 tu) bali kwa sababu zinakuruhusu kurekodi chini kwa usalama. Vilele vicheze kati ya desibeli -12 na -6. Vikigonga sifuri vinakatwa kichwa na hakuna dawa. Kwa kHz 192 utarekodi mvumo wa ukanda tu. Kaseti ya dakika 60 itakula GB moja kwa WAV, na pungufu ya hapo ukiigeuza FLAC kwa ajili ya pleya. Programu za kuondoa mvumo zitumie kwa mkono mwepesi, maana zinaondoka na pumzi ya nai pia.

WAV za asili ziweke kwenye diski mbili, moja isiwe nyumbani kwako. Kaseti zenyewe usizitupe. Zirudishe mwanzo, zisimamishe wima kwenye vikasha vyake, mahali pakavu, na mbali na spika, kwa sababu sumaku ya spika inaweza kuufuta ukanda.