Majani ya mgomba yameungua kwa baridi: usiung'oe

Dada uliyeuliza kama uung'oe mgomba wako, majani kuwa meusi mwezi wa 11 huko Birmingham, Uingereza, si mwisho wake. Jalidi (baridi ya kugandisha) ya usiku mmoja tu inatosha kuyaunguza. Swali ni mgomba gani. Kama kibandiko kilisema Musa basjoo, tulia: asili yake ni kusini mwa China, na sehemu iliyo chini ya udongo ikifunikwa vizuri huvumilia hata nyuzi 10 chini ya sifuri.

Kata majani yaliyokufa, shina liache. Lizungushie wavu wa waya, jaza nyasi kavu mpaka juu, kisha funika kichwa mvua isiingie. Hapo kwenye mvua usipuuze, maana kwa majira ya baridi ya Uingereza migomba mingi huoza kabla baridi haijaiua. Ukibonyeza shina ukakuta teketeke na harufu mbaya, kata kushuka chini mpaka ukute nyama nyeupe, ngumu. Litachipua tena. Fungua mwezi wa 4 hivi, jalidi ikishapungua.

Ila kama ni ule mfupi wa Cavendish, aina ya ndizi za kula za dukani, nje hautoboi. Huo utie kwenye chungu, uingize ndani penye mwanga, maji kidogo mno mpaka joto lirudi.

Mkungu wa kula usahau, lakini. Basjoo hata ikizaa, ndizi zake zimejaa mbegu, haziliki. Wazungu wanaipandia majani tu, na kwa kweli yanapendeza.