Muulize Mama Msafiri: Jumapili moja Tokyo

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi umeme, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Kazini wananipeleka Tokyo kwa mafunzo mwezi wa kumi na mbili, na nitapata Jumapili moja tu ya kutembea. Picha ninazoziona kwenye simu ni zilezile: taa za rangi na umati unaovuka barabara. Nianzie wapi ili niuone mji wenyewe?
Fundi, Nkuhungu

JIBU: Marahaba mwanangu. Anzia juu.

Sisi wa Dodoma macho yetu yamezoea kwenda mbali. Ukitoka nje tu, kuna kilima au jiwe kubwa la Mlima Simba la kuyapokea. Tokyo jicho linagonga ukuta hatua chache mbele, na jioni unachoka usijue umechoshwa na nini. Kwa hiyo asubuhi nenda Shinjuku, kwenye jengo la serikali ya jiji lililobuniwa na Kenzo Tange. Lina mita 243, na ukumbi wa kutazamia uko ghorofa ya 45. Kupanda ni bure. Desemba hewa ni kavu, hivyo ukibahatika utauona Mlima Fuji upande wa magharibi, kichwa cheupe. Watu wote watajazana dirisha hilo. Wewe wapishe, uende upande wa pili: majumba ya kijivu mpaka macho yanapokoma, hakuna shamba wala pori. Binti yangu anayesoma huko alinivuta mkono mara mbili tuondoke, nikamwambia asubiri.

Angalizo: stesheni ya Shinjuku ina milango ya kutokea zaidi ya 200. Andika jina la mlango ulioingilia.

Ukishuka, panda treni ya Yamanote, yenye mstari wa kijani. Inazunguka mji, stesheni 30, kama saa nzima hivi. Simama mlangoni, maana viti vimeupa mgongo ukuta. Utaona magodoro yameanikwa kwenye baraza za ghorofa, na watoto wakicheza mpira uwanja wa shule. Shukia Nippori, utembee hadi Yanaka. Mtaa huo kwa sehemu kubwa ulinusurika na tetemeko la 1923, hata na mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Vichochoro ni vyembamba, na vyungu vya maua vimepangwa mlangoni kwa mlangoni.

Hapo, fundi, inua kichwa. Nguzo za zege, transfoma, na nyaya zimepishana juu ya mapaa kiasi kwamba anga inaonekana vipande vipande. Mji tajiri vile, mbona hawajazifukia? Baada ya vita walijenga kwa haraka, na nguzo ilikuwa rahisi kuliko kuchimba. Wauza kadi za picha huzifuta nyaya hizo. Mimi, mwenye studio ya picha Majengo, naona wanafuta kilicho kizuri.

Mchana tazama vioo vya migahawa. Vyakula vyote vimewekwa nje vikiwa bandia, vya plastiki. Kuna sahani ya tambi ambayo uma umesimama hewani peke yake, tambi zimeufuata juu. Nilipiga picha ile kuliko hekalu lolote.

Taa ulizoziona kwenye simu hazikukimbii. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo Shibuya, penye taa hizo na umati unaovuka barabara, utafika kukiwa giza na bado una nguvu. Mvua ikinyesha, usikimbilie hotelini: watu wengi hutumia miavuli ya plastiki inayoonyesha, na lami yote inageuka rangi.

Kupiga watu picha, omba kwanza. Ukionyesha kamera na kuinamisha kichwa kidogo wanaelewa, na akikataa kwa mkono, shukuru upite.

La mwisho utalijua kuliko mimi: umeme wao ni volti 100, na tundu la ukutani linapokea pini mbili bapa. Chaja ya simu itakubali ukipata adapta. Pasi yako iache nyumbani, itaishia uvuguvugu.