Likizo kwenye Mizabibu ya Ziwa Geneva: Je, Niende?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh wetu. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Dodoma mjini. Kijana wangu anafanya kazi Uswisi, mji wa Lausanne, na ametualika mimi na mama yake tukakae naye wiki tatu mwezi wa saba, wakati wa kiangazi cha huko, tuwaone wajukuu. Amepanga nyumba ya likizo kijiji cha Cully, kando ya Ziwa Geneva, katika eneo linaloitwa Lavaux. Ametuma picha: mlima wote, kuanzia juu hadi majini, ni mizabibu ya mvinyo. Mdogo wangu alipoziona akasema hiyo ni ardhi ya pombe na Mwislamu hatakiwi hata kuikanyaga. Nauli nusu kalipa kijana, nusu nimetoa kwenye mavuno ya shamba langu la zabibu, ekari mbili, Hombolo. Je, niende? Chakula na swala tufanyeje? Na majirani zake wamekwisha kutualika kuonja mvinyo wao. Mama watoto ana kisukari.

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Himdi zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake.

Nenda, mzee wangu. Baba kumfuata mwanawe na kuwapakata wajukuu ni kuunga udugu, na kuunga udugu kuna ujira. Ardhi haibebi dhambi ya anayeilima. Kilichoharamishwa ni khamri, yaani kileo, nao mzabibu ni mti wa Allah. Katika Suratur Ra'd, aya ya 4, Allah anazitaja bustani za mizabibu kuwa ni ishara kwa watu wenye akili: vipande vya ardhi vimepakana, maji ya kunyweshea ni yale yale, na bado matunda yanapishana utamu. Huko Lavaux utaiona aya hiyo kwa macho. Ni kama kilomita 30 za matuta yaliyojengwa kwa kuta za mawe, watawa wa Kikristo walianza kuyajenga karne ya 11, na mwaka 2007 UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia. Wakulima wa pale husema zabibu zao zina majua matatu: la angani, la pili linalorudishwa na uso wa ziwa, na la tatu ni joto ambalo mawe ya kuta hulinywa mchana na kulitoa usiku. Tembea humo na wajukuu asubuhi, uwaambie ni nani aliyeyapanga hayo. Ila tunda usichume bila idhini, shamba ni la mtu; na mwezi wa saba zabibu za huko zingali mbichi, ngumu kama njegere, kwani wao huvuna kuanzia Septemba.

Mdogo wako ana ghera ya dini, na ghera ni jambo la kheri. Lakini mwambie hivi: Hombolo nako kuna maji na kuna mizabibu inayokwenda kiwandani, na hajawahi kukukataza kukanyaga bwawani. Kwetu pia mzabibu uliletwa na mapadri, pale Bihawana. Kama ardhi ya mizabibu ingekuwa haramu kukanyagwa, nusu yetu hapa Dodoma tungekosa pa kusimama.

Sasa niruhusu nisimame kwenye jambo ambalo wewe umelitaja kwa kupita, nalo mimi naliona zito kuliko safari yote. Umesema nusu ya nauli imetoka kwenye mavuno. Hukuniambia ulimuuzia nani.

Nilipokuwa kijana nilifanya kibarua cha kuchuma zabibu, najua mambo yanavyokwenda. Unakata kichala kwa mkasi, unakilaza ndooni kisipasuke, vidole vinanata, nyuki wanakuzunguka, na jua la Dodoma ulijualo liko kisogoni. Jioni gari linakuja, kreti zinapimwa, mkulima anapewa chake. Katika yote hayo hakuna tone la pombe, na ndiyo maana wengi wetu hatuulizi. Tunasema, mimi nimeuza tunda, yeye atajua mwenyewe.

Dini haikuliacha hivyo. Mtume, rehema na amani zimshukie, katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na wengineo, amewataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya khamri, na mnywaji ni mmoja tu kati yao. Wamo mkamuaji na anayekamuliwa, mbebaji na anayebebewa, muuzaji na mwenye kula thamani yake. Allah naye amekataza katika Suratul Maida, aya ya 2, tusisaidiane katika dhambi na uadui. Kwa hiyo wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema: ukijua, au ukiwa na dhana yenye nguvu, kwamba mnunuzi anakwenda kuzifanya mvinyo, kumuuzia zabibu ni haramu. Ukiwa na shaka tu, ni makuruhu, yaani jambo linalochukiza bila kufikia haramu. Na pale lori linapokuwa la kiwanda cha mvinyo, mzee wangu, shaka haipo tena.

Usivunjike moyo, wala usikimbilie kung'oa mizabibu. Shamba ni halali na jasho lako lina thamani. Geuza soko. Watu wanakula zabibu za Dodoma kila siku: akina mama wanaziuza barabarani kwa mafungu na abiria wananunua. Juisi inayokamuliwa na kunywewa ikiwa mbichi ni halali, na zabibu kavu vilevile. Bibi Aisha, Allah amridhie, amesimulia kwamba walikuwa wakimlowekea Mtume tende au zabibu kavu asubuhi akanywa jioni, au jioni akanywa asubuhi, kabla kinywaji hakijachacha. Jihadhari tu na kile tunachokiita mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa. Wapo wanaoendelea kukiita mchuzi hata kikishachacha mapipani, na hapo ni khamri, jina lolote litakalopewa. Kwa yaliyopita, kama hukuijua hukumu hii, tubu na uweke nia ya kutorudia. Allah amesema katika Suratul Baqara, aya ya 275, kuhusu riba, kwamba aliyefikiwa na mawaidha akakoma, yaliyopita ni yake, na wanavyuoni wamelitumia hilo katika mfano wa hali yako. Kwa hiyo nauli usiirudishe, safiri nayo. Ila mavuno ya mwezi wa nane yatakukuta umekwisha kurudi, na hapo huna tena udhuru wa kutojua. Anza kutafuta mnunuzi kabla hujapanda ndege.

Tuje kwenye chakula. Sahani mashuhuri ya Uswisi ni fondue, jibini inayoyeyushwa kwenye sufuria na kuchovywa mkate. Ukiiona utadhani ni maziwa matupu, kumbe inayeyushwa kwa mvinyo mweupe, na mara nyingi huongezwa pombe kali ya matunda iitwayo kirsch. Hiyo hailiwi. Asikudanganye mtu kwamba moto umeondoa pombe: mvinyo ni najisi, na ukitiwa kwenye chakula umekinajisi. Samaki wa ziwani, wanaoitwa perche, ni halali, ila uliza mchuzi wake umepikwa na nini.

Halafu utakutana na kinyume chake. Jimbo la Vaud, ambamo Lausanne na Lavaux zimo, lina kitu kinaitwa vin cuit, maana yake kwa Kifaransa ni "mvinyo uliopikwa". Utaruka utakapoletewa keki yake. Lakini kinachotumika ni maji ya mapea au matufaha yaliyochemshwa saa nyingi mpaka yakawa mazito, meusi, kama asali. Hakina ulevi. Mtume ametuonya kwamba watatokea watu wa umma wake watakaokunywa khamri na kuipa jina jingine, nasi tukajifunza kwamba jina halihalalishi. Basi ndivyo vilevile jina pekee lisivyoharamisha. Muulize mpishi kama hakuongeza kitu, ule kwa bismillahi. Mama watoto yeye asikiguse: ni sukari tupu, na kuihifadhi afya ni amana.

Nyama ina habari yake. Tangu mwaka 1893, kwa kura ya wananchi, Uswisi imekataza kuchinja mnyama kabla ya kumpoteza fahamu, kwa hiyo Waislamu wa huko hutegemea sana nyama ya halali inayotoka nje ya nchi. Kijana wako atakuwa anajua bucha; mwachie yeye. Sufuria na glasi za nyumba ya kupanga zioshwe vizuri kabla ya kutumiwa. Abu Thaalaba al-Khushani alimuuliza Mtume kuhusu vyombo vya watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, akaambiwa wakikosa vingine wavioshe kisha walie humo.

Kuhusu majirani: kuonja hakuna, hata kwa kuulowesha ulimi na kutema. Na meza inayozungushwa mvinyo usikae, Hadithi ya Mtume iko wazi, hata kama mbele yako una glasi ya maji. Lakini usiwakatae kwa uso wa kukunja. Hawa wamemkaribisha mwanao ugenini. Kijana awaambie mapema, kwa heshima, kwamba wazazi wake hawanywi na hawakai kwenye pombe, kisha yeye ndiye awaalike, mama watoto apike pilau, mzungumze kilimo. Wewe ni mkulima wa zabibu na wao ni wakulima wa zabibu; mazungumzo hayatakosekana. Ufukweni siku za joto kutakuwa na watu waliovaa nusu uchi, kwa hiyo wapeleke wajukuu mapema asubuhi na uinamishe macho.

Swala. Kuanzia kwenye treni ya SGR hadi unashuka ndege, wewe ni msafiri, unapunguza swala za rakaa nne ziwe mbili, na kukusanya swala mbili kwa wakati mmoja. Ukifika Cully ukiwa umenuia wiki tatu, kwa madhehebu yetu ruhusa imekwisha, kwani mwisho wake ni kunuia kukaa siku nne kamili, ukiacha ya kuingia na ya kutoka. Utaswali kamili. Ugumu utauona usiku. Mwanzoni mwa mwezi wa saba jua huko linazama karibu saa tatu na nusu usiku, Isha inaingia inapokaribia saa sita, na alfajiri imeingia kabla ya saa kumi. Nyinyi mliozoea Magharibi ya saa kumi na mbili na nusu mtachoka. Laleni baada ya Adhuhuri. Na kwa mgonjwa kama mama watoto, akishindwa kabisa kungoja, wapo wanavyuoni waliomruhusu kukusanya Magharibi na Isha, wakitegemea Hadithi ya Ibn Abbas kwamba Mtume aliwahi kukusanya akiwa Madina bila ya hofu wala mvua ili asiutie umma wake dhiki. Nami naiona rukhsa hiyo inamfaa, kwa siku za dhiki, bila kuifanya mazoea.

Kibla, upande wa kuelekea katika swala, msikisie. Hapa Dodoma tunaelekea kaskazini, tukiegemea mashariki kidogo. Huko mtaelekea kusini mashariki. Ukisimama ufukweni Cully, kifua chako kielekee kule ziwa linakoishia mashariki, upande wa Villeneuve.

Wallahu aalam.