Barua kwa mwanangu: lile kasha la unga

Mwanangu Mwanaidi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza umwachie mumeo Faraji atoe pauni 3,000 za akiba yenu anunue spika, aingie kwenye saundi, kile kikundi cha kupiga santuri kwa mitambo yao wenyewe, ya wale wazee wa reggae hapo mtaani kwenu, au umzuie. Nikuulize mimi: nani atabeba? Maana muziki ule ni wa mbebaji, si wa mpigaji. Nimelisema hilo hujazaliwa.

Lile kasha la unga jikoni, lenye kiraka cha duara ulichokuwa ukichora uso kwa mkaa, ulidhani seremala wa Ngamiani alikosea vipimo? Ile ni spika ya baba yako. Pale penye kiraka palikaa besi ya inchi 18.

Nilikuwa nasomea uuguzi kusini mwa London. Yeye na wenzake wanne walikuwa na saundi yao ndogo, makasha sita ya mbao waliyoyapigilia wenyewe. Usiku mmoja akanipeleka New Cross kumsikia Jah Shaka, mwenye saundi ya reggae aliyevuma sana. Ukumbi giza, taa iko kwenye mitambo tu. Wengine walipiga kwa gramafoni mbili ili wimbo usikatike. Shaka alikuwa na moja. Santuri ikiisha, kimya, ukumbi mzima unamngoja mtu mmoja abadilishe sahani. Halafu besi inaingia, na soda niliyoishika inatetemeka mkononi. Mpaka alfajiri! Nilitoka pale moja kwa moja hadi wodini, masikio yanalia, nikamwuliza mgonjwa jina lake mara nne.

Januari 1981 ukatokea ule moto wa New Cross Road, vijana 13 wakafa kwenye sherehe ya kuzaliwa. Tarehe 2 Machi baba yako aliandamana na maelfu hadi Hyde Park kudai haki. Mimi nilikuwa zamu, na hajaacha kunikumbusha. Vijana weusi wakati ule walikuwa wakirudishwa milangoni kwenye madisko ya mjini. Walichokuwa nacho ni kumbi zile na makasha yale.

Basi 1986 ikaja mimba yako. Chumba kimoja, makasha sita, ukuta una ukungu. Nikamwambia achague. Hakugomba, na laiti angegomba. Wiki ile ile akauza matano; la sita lilikuwa na ufa, halikupata mnunuzi.

Nilikosea? Hapana. Kodi ilikuwa nyuma miezi miwili, na mtoto halali juu ya spika. Lakini wale wenzake wanne waliokuwa wakija kila Ijumaa kubeba makasha, ndio hao walioniletea supu nilipougua, ndio waliotuhamishia vitu mara mbili bila senti. Ijumaa zikakatika. Kitanda chako cha kitoto kilipofika, baba yako alikipandisha ghorofa ya nne peke yake. Nilisimama juu ya ngazi na tumbo langu, namsikia akipumzika kila kona. Ngazi zile nazisikia hata leo.

Sasa usiende kumwambia Faraji mama kasema ndiyo. Sijasema. Pauni 3,000 ni fedha, na mgongo wake niliuona siku ya harusi yenu, alipojaribu kuinua lile sufuria la pilau. Wala sijasema hapana. Kwanza nenda siku moja uone wale wazee wakishusha mitambo kwenye gari. Hesabu wako wangapi, na wanatania au wananuna. Ikibidi, shika upande mmoja wa kasha. Mimi sikuwahi kushika hata mara moja.

Baba yako amesoma ujumbe wako juu ya bega langu, bila ruhusa. Anataka kujua hizo spika ni inchi ngapi. Nikamwambia umeandika 15. Amecheka, anasema hizo za harusini, Faraji asinunue kitu kabla hajampigia simu.

Mama yako