Kwa wanaoanza kusoma mapigano ya Antietam

Antietam ni mapigano ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya serikali ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyoasi. Majenerali waache kwanza, shika kalenda. Tarehe 22 Julai 1862 Rais Lincoln anawasomea mawaziri wake rasimu ya tangazo la kuwaachia huru watumwa. Seward, waziri wa mambo ya nje, anamshauri asubiri ushindi vitani, lisije likaonekana kilio cha serikali inayozama. Mapigano yanatokea 17 Septemba. Siku tano baadaye tangazo la awali linatoka, na 1 Januari 1863 linaanza kutumika. Bila tarehe hizo Antietam itakuwa kwako mauaji ya siku moja tu.

Sasa ramani. Tafuta ya Sharpsburg, Maryland, uifuate siku ile kutoka kaskazini kwenda kusini: asubuhi shamba la mahindi la Miller, adhuhuri barabara iliyodidimia kwa kupitwa na mikokoteni, alasiri daraja la mawe lililoshambuliwa na Burnside, jenerali wa Kaskazini. Hapo darajani usipite haraka. Upana wake haufiki mita 4, na ng'ambo, juu ya genge, walikuwapo askari wa Georgia, jimbo la Kusini, kama 500 tu. Walilizuia kwa takriban saa tatu, na kwa saa hizo A. P. Hill, jenerali wa Kusini, akawahi kufika kutoka Harpers Ferry, mwendo wa kilomita 27, akaupiga ubavu wa jeshi la Kaskazini. Angalia pia kwamba mashambulizi yalikuja moja baada ya jingine, hivyo Lee, kamanda wa Kusini mwenye watu wapatao 38,000, aliweza kuwahamisha kila palipowaka. McClellan, kamanda wa Kaskazini, alikuwa na jeshi karibu maradufu, na sehemu kubwa ya akiba yake hakuigusa.

Kwenye takwimu wengi huteleza. Ile 23,000 inayotajwa kila mahali ni jumla ya waliokufa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea, pande zote mbili. Waliouawa siku ile ni kama 3,650. Majeruhi waliofia hospitalini baadaye hawamo.

Kosa la pili ni kuandika kwamba tangazo liliwaachia huru watumwa wote. Lililenga maeneo yaliyoasi. Maryland, penye uwanja wenyewe wa vita, haikuguswa. Watumwa wake waliachiwa kwa katiba ya jimbo, Novemba 1864.

Uingereza nayo iandikwe kwa uangalifu. Palmerston, waziri mkuu, na Russell, waziri wa mambo ya nje, walikuwa wakifikiria kuingia kati kama wapatanishi. Lee aliporudi nyuma Palmerston akasita, lakini mjadala uliendelea katika baraza lao la mawaziri hadi Novemba.

Mwisho, usiibebeshe Antietam mambo ya vita nzima. Merikani, ile nguo ya pamba kutoka Marekani, iliadimika Zanzibar miaka ile, nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi yake, ila chanzo ni pamba kukwama: manowari za Kaskazini zilianza kufunga bandari za Kusini mwaka 1861, zaidi ya mwaka mzima kabla ya Antietam.