Dengi na aspirini: usimpe

Dada wa Likoni, umeuliza kama bwanako mwenye dengi, chembe sahani (chembe za damu zinazoziba jeraha) zikiwa 90,000 (kawaida ni 150,000 kwenda juu), ameze aspirini kutuliza homa. Asiiguse, wala ibuprofeni.

Chembe hizo humeguka kutoka seli kubwa za uboho, hazina kiini, huishi siku 7 hadi 10. Mshipa ukichanika, huchipuza vikono, hung'ang'ania ukuta uliopasuka na kuitana zenyewe kwa zenyewe, kisha nyuzi za fibrini, protini ya kugandisha damu, huzikaza. Aspirini huzilemaza mpaka zife, naye keshapungukiwa nazo, hivyo damu yaweza kuvuja.

Mpe panadoli kwa kipimo, na madafu si haba hapo kwenu. Fizi zikivuja, choo kikiwa cheusi au tumbo likimuuma sana, hata kama homa imeshuka, mkimbizeni hospitali usiku huohuo. Majani ya mpapai, yanayosifiwa kuongeza chembe hizo, msiyategemee.